Nani Anakaa Wapi

Mwanamume wa Fakaofo, kisiwa chetu, hana nyumba. Ana kasia, ndoana, kamba na mkeka wa kulalia, na siku anapooa huvibeba vitu hivyo hadi katika nyumba ya mkewe, ambayo ilikuwa ya mama mkwe, na kabla ya hapo ya bibi yake. Siku ya kuingia husemwa maneno machache. Siku ya kutoka halisemwi hata neno moja. Mtu hurudi kutoka baharini akaukuta mkeka wake umekunjwa na kuegemezwa mlangoni, upande wa nje. Huuchukua, akaenda kwa dada yake.

Toloa alikuwa ameishi katika nyumba ya Lagimaina muda mrefu kiasi cha kuusahau mkeka. Alianza kuufikiria tena baharini, katika safari ya kurudi kutoka Pukapuka, kwa sababu ya mtu mmoja aliyejua kumchekesha mkewe.

Mtu huyo aliitwa Welua. Alikuwa mwenyeji wa Pukapuka, kijana asiye na mke, mrefu, mwenye meno mazuri na mwenye kujua kwamba ni mazuri. Aliomba nafasi asubuhi ileile waliyokuwa wakipakia miche ya magimbi. Mzee Logotahi, nahodha, alimuuliza anakwenda kutafuta nini magharibi.

“Baba yangu alitokea huko.”

“Kisiwa gani?”

“Sijui, mzee. Maji yalimleta peke yake juu ya kipande cha mtumbwi, ngozi imebanduka kwa jua. Watu wa kwetu wakampa jina jipya. Alikufa mimi sijaota meno ya pili.”

Toloa alikuwa karibu, akifunga mizigo, na maneno hayo aliyasikia. Hayakumshughulisha. Hakuna kisiwa upande wetu kisicho na watu waliomezwa na bahari, na vaka, chombo chetu cha safari, ilikuwa tayari inaelea. Vaka ikishaelea, majina ya watu hao hayatajwi mpaka miguu ikanyage mchanga. Logotahi aliitazama mikono ya kijana, akaona sugu za kamba, akamwambia apande.

Vaka ni mitumbwi miwili mirefu iliyounganishwa kwa boriti, na juu ya boriti kuna jukwaa la mbao lenye mlingoti na kibanda kidogo cha makuti. Kila mtu ana mahali pake. Logotahi alikaa tezi, yaani nyuma, mtumbwi wa kulia, karibu na kasia la usukani. Dada yake, Bibi Temahu, aliyesimamia chakula na maji, alikaa omo, mbele kabisa, mtumbwi wa kushoto. Hapakuwa na mahali palipo mbali zaidi ya hapo bila kuingia majini. Ndivyo wanavyokaa kaka na dada kwetu wakishakuwa watu wazima. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na hakuna mtu anayethubutu kutamka neno la chumbani ikiwa wote wawili wanasikia. Temahu alipokuwa na jambo alimwambia Vave, na Vave akamwambia Logotahi. Kazi ya Vave hasa ilikuwa kufua maji yanayoingia mitumbwini, lakini hii ya pili aliipenda zaidi.

“Vave,” Temahu alisema, “mwambie mzee yule miche inapigwa na chumvi. Apunguze tanga.”

“Mzee, kuna mtu anasema miche inapigwa na chumvi.”

“Mwambie mtu huyo tukipunguza tanga tutaila miche yenyewe njiani.”

“Mtu, umesikia?”

“Nimesikia. Mwambie tangu utotoni hajawahi kubeba mche ukafika mzima.”

“Hilo silipeleki, bibi. Mimi nataka kushuka nyumbani na meno yangu.”

Upepo ulikuwa wa nyuma, kutoka kusini-mashariki, na vaka ilikwenda vizuri. Toloa na Logotahi walipokezana usukani. Mshika usukani huona migongo ya watu wote. Welua alipewa demani, ile kamba ya kuongozea tanga, katikati ya mtumbwi wa kushoto. Lagimaina alikuwa hapohapo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kushona tanga, na tanga la majani ya mkadi halikosi mahali pa kushonwa. Kati yao palikuwa na nafasi ya mkono mmoja.

“Shemeji,” Welua alisema, “huyu mumeo ananitazama kama papa aliyenyimwa utumbo.”

“Ndivyo alivyo. Hata mimi hunitazama hivyo.”

“Sasa unalalaje?”

“Kwa jicho moja.”

Vave, aliyekuwa amejikunja ndani ya mtumbwi na upo wake wa kutekea maji mkononi, alicheka hadi akayamwaga maji mahali alipoyatoa. “Toloa! Umesikia? Wewe ni papa!”

“Nimesikia,” Toloa alisema. “Fua maji.”

Alikuwa hodari wa mawimbi. Katika bahari iliyovurugika aliweza kutenga wimbi kuu la kusini na wimbi la upepo, akasema lipi limetoka mbali na lipi limezaliwa asubuhi hiyo. Kwa njia hiyohiyo alianza kutenga vicheko vya mkewe. Kulikuwa na kile cha adabu, anachompa kila mtu. Kulikuwa na cha ghafla, anachompa Vave bila kupenda. Na kulikuwa na cha tatu, cha chini, kinachoanza kabla mzaha haujaisha. Hicho Toloa alikuwa amekisikia mara ya mwisho kabla hajaingiza mkeka wake nyumbani kwa mwanamke huyo. Sasa alikuwa akikisikia tena, na aliyekuwa akipewa ni Welua.

Alipomwachia Logotahi usukani alimkuta Lagimaina kibandani, akitafuta uzi.

“Umecheka sana leo.”

“Palikuwa na cha kuchekea.”

“Nyumbani hucheki hivyo.”

“Nyumbani husemi kitu, Toloa. Nicheke na nguzo?”

Mkewe alikuwa amesema kweli, na Toloa angependelea uongo, kwa sababu uongo unaweza kubishiwa.

Kuanzia hapo alipokuwa usukanini alisikiliza, na alipopumzika alilala na uso upande wa demani. Vave aliona, akamtania; Logotahi aliona, akaendelea na kasia lake. Welua naye hakuonekana kuona chochote. Alieleza jinsi ng’ombo, kile kijisamaki kidogo kuliko vyote katika lile ziwa la maji ya chumvi katikati ya kisiwa chao, kilivyomng’ata mjomba wake mahali pabaya, na jinsi mjomba alivyokataa kuonyesha jeraha hadi likapona kombo. Lagimaina alishona huku akifuta machozi ya kicheko kwa kiwiko.

Kisha ikaja dhoruba fupi ya asubuhi, na kamba zilizofunga boriti ya pili chini ya jukwaa zikalegea. Mitumbwi ikaanza kwenda kila mmoja kwa mwendo wake. Ilibidi mtu ateremke kati ya mitumbwi, ndani ya maji, afunge boriti upya. Welua alisema anaijua kazi hiyo. Walimfunga kamba kiunoni na kamba hiyo akapewa Toloa, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na nguvu kuliko wote. Lagimaina alilala kifudifudi juu ya jukwaa kupitisha kamba za makumbi katika pengo la mbao, kwa sababu mikono yake ilikuwa myembamba.

“Legeza kidogo, bwana!” Welua alipiga kelele, maji yakimfika kidevuni. “Sifiki!”

Toloa alilegeza. Mawimbi yalikuwa makubwa, na alijua kitakachotokea mkono ukiteleza. Alijua pia kwamba hakuna ambaye angeuliza. Aliishika kamba sawasawa kama inavyotakiwa ishikwe. Hili lazima lisemwe, kwa sababu baadaye watu walisema mengi juu yake.

Kazi ilipokaribia kwisha, Lagimaina aliacha kupitisha kamba. Aliganda, uso kwenye pengo, akiitazama mikono ya Welua chini yake. Akasema kitu. Welua akainua uso, akajibu. Upepo ulichukua maneno, Toloa akaona midomo tu. Lagimaina akasema kitu kingine, kirefu zaidi. Sasa Welua naye aliacha kufunga. Wimbi lilimpita kichwani na hakuonekana kulijali. Kisha Lagimaina akajiondoa pengoni, akakaa, akaufunika uso kwa mikono miwili, na mabega yake yakatikisika.

Toloa alimvuta Welua juu.

“Kuna nini?”

“Boriti imeshika,” Welua alisema. Hakumtazama yeye wala mkewe.

Bibi Temahu alitambaa hadi pengoni, akachungulia. Alikaa hapo muda. Halafu akarudi omo bila kumpa Vave ujumbe wowote, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

Baada ya hapo kila kitu kilibadilika, na Toloa alikiona kila kilichobadilika. Welua alimwomba mtu mwingine ashike demani, akaenda kukaa tezi, mtumbwi wa kushoto. Lagimaina alichukua sindano na majani yake ya mkadi akahamia omo, mtumbwi wa kulia. Mizaha ilikoma. Lagimaina alipopita kwenye jukwaa, Welua aliinamisha kichwa. Welua aliposimama, Lagimaina aligeukia maji. Chakula chake Welua kilimfikia kwa mkono wa Vave, na aliyekitenga alikuwa Bibi Temahu mwenyewe, akichagua kipande kizuri.

Watu wasio na jambo hutazamana. Ndivyo Toloa alivyofikiri. Wawili walikuwa wakicheka hadharani, kisha mmoja amelia mbele ya mwenzake, na sasa wanakimbiana macho mchana kutwa. Watu wa aina hiyo wana kitu cha kuficha, na bibi kizee amekubali kuwasaidia kukificha. Aliupitia ushahidi tena na tena, kila mara kwa mpangilio uleule, na kila mara ukamfikisha palepale. Sababu nyingine ya mwanamume na mwanamke kukaa hivyo aliijua, kama kila mtu wa kwetu anavyoijua, lakini haikuhusika. Lagimaina hakuwa na kaka. Baba yake alipotea baharini wakati mama ana mimba yake, na mama hakuolewa tena. Kisiwa kizima kililijua hilo.

Alimsubiri kibandani.

“Yule mtu alikuambia nini chini ya jukwaa?”

“Si jambo la kusema huku.”

“Huku wapi?”

“Majini. Subiri tufike nyumbani.” Alikuwa akikunja na kukunjua kipande cha uzi. “Tukifika utajua, Toloa. Nyumba haitakuwa kama ulivyoiacha.”

“Kwangu mimi?”

“Kwa wote. Usiniulize zaidi, tafadhali, nitakosea.”

Toloa akauona mkeka. Aliuona wazi, pamoja na ule upande ulioliwa na panya, umeegemezwa kwenye nguzo ya mlango, na watu wakipita njiani wakijifanya hawauoni.

Upepo ukafa. Hutokea, hata katika msimu mzuri. Tanga lilining’inia, bahari ikawa laini kama mafuta, na jua likawa juu ya kila mtu kwa usawa. Katika utulivu wa namna hiyo hakuna kazi, na watu hawana pa kutazama isipokuwa wao kwa wao. Vave alijaribu kuimba akaambiwa anyamaze. Temahu alipunguza maji ya watu lakini hakupunguza ya miche, ambayo ilikuwa imefungwa katika majani mabichi na kunyunyiziwa kila alasiri. Kulikuwa na manung’uniko.

“Magimbi yanakunywa kuliko mimi,” Vave alisema.

“Magimbi hayapigi kelele,” Temahu alimjibu.

Alitoboa madafu, dafu moja kwa watu wawili. Lagimaina alipewa lake kwanza, ili anywe na kumpelekea mumewe nusu, kama ilivyokuwa tangu waanze safari. Toloa alikuwa ameshika usukani ambao haukuongoza kitu. Alimwona mkewe akinywa funda moja, akafuta mdomo wa dafu kwa kiganja, akamkabidhi Vave.

“Mpelekee yule wa tezi.”

“Mumeo?”

“Wa kushoto.”

“Na mumeo?”

“Toloa atapata langu la jioni. Peleka, Vave.”

Vave akaja polepole juu ya jukwaa na dafu lile, akapita mbele ya Toloa, karibu kiasi cha kusikika maji yakicheza ndani.

“Kwa nini asimpelekee mwenyewe?” Toloa alisema, kwa sauti iliyofika omo bila shida. “Gizani mnajua njia ya kufikiana. Mchana ndiyo mnahitaji mpagazi?”

Vave alisimama na mguu mmoja hewani. Omo, Bibi Temahu alivuta mkeka akajifunika kichwa. Lagimaina alitoa sauti kama mtu aliyekanyaga nungu wa baharini.

Welua alisimama. Toloa aliachia kasia akajiandaa, na ukweli ni kwamba alifurahi. Kupigana ni jambo lenye mwanzo na mwisho. Lakini Welua hakumjia. Alikwenda hadi ncha ya mtumbwi, akateremka majini, akaishika ile ncha kwa mkono mmoja na kubaki humo hadi mabegani, mgongo kwa watu wote. Alikuwa anaondoka, na ndani ya vaka hapakuwa na mahali pengine pa kuondokea.

Toloa alidhani ameelewa kosa lake.

“Nisamehe, mzee,” alimwambia Logotahi. “Nilisahau kwamba bibi anasikia. Nanyi mko wote wawili. Nimekosa.”

“Si mimi uliyenikosea,” Logotahi alisema. Alilichukua kasia. “Niambie. Mimi ninakaa wapi?”

“Hapa, mzee.”

“Na yule ambaye simtaji?”

“Omo. Kushoto.”

“Haya. Kijana alikuwa amekaa wapi?”

“Tezi. Kushoto.”

“Na mkeo?”

Toloa aliangalia. Lagimaina alikuwa omo, mtumbwi wa kulia, amejikunja, kipaji cha uso juu ya magoti. Mtu angenyoosha kamba kutoka kwa Logotahi hadi kwa dada yake, na nyingine kutoka mahali pa Welua hadi kwa Lagimaina, kamba hizo zingekatana kwenye mlingoti.

“Mawimbi unayasoma kuliko mimi,” mzee alisema. “Watu je?”

“Hana kaka,” Toloa alisema. “Mzee, hana. Baba yake—”

“Nyamaza! Tuko majini.”

Toloa alikumbuka asubuhi ya kupakia miche, na mtu aliyeletwa na maji peke yake juu ya kipande cha mtumbwi, ngozi imebanduka.

Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Dafu lile Vave aliliweka juu ya jukwaa, na halikunywewa na mtu. Toloa alikwenda kulala kifudifudi juu ya pengo la mbao na kuitazama boriti ya pili. Kamba zilikuwa zimezungushwa kama kamba zote zinavyozungushwa, ila mwishoni, mahali ambapo yeye angefunga fundo, zilirudishwa chini ya mizunguko yake zenyewe, kushoto na kulia, kama mifupa ya samaki, na ncha haikuonekana. Alizitazama muda mrefu. Hazikumwambia kitu.

Upepo ulirudi kabla ya jua kuchwa. Asubuhi iliyofuata, aliyeiona nchi kwanza alikuwa Toloa, ingawa haihesabiwi hivyo. Kulikuwa na mawingu kadhaa mbele yaliyofanana, na moja tumbo lake lilikuwa na rangi ya kijani iliyofifia, rangi ya ziwa letu likijitazama juu. Alisema, “Kijani, chini ya wingu la tatu.” Hakuna aliyegeuka. Baada ya muda Vave akasimama juu ya kibanda, akapaza sauti, “Kijani! Wingu la tatu!” na watu wote wakapiga kelele za furaha.

Walipokanyaga mchanga, Lagimaina alikwenda moja kwa moja kwa wazee waliokuja kupokea vaka, akalitamka jina la baba yake kwa mara ya kwanza tangu aondoke nyumbani: Manufolau. Yaliyofuata Toloa aliyapata kwa vipande, kwa kuwa yeye alikuwa akishusha mizigo. Kwetu kila ukoo una namna yake ya kumalizia kamba ya boriti, na mwanamume humfundisha mwanawe au mpwa wake akiwa bado mdogo sana. Manufolau hakuwa na ndugu wala mpwa. Aliifunga nyumba ya mkewe mwaka aliooa, paa zima, kisha akapotea, na namna yake ikabaki katika boriti za nyumba hiyo tu. Lagimaina alikuwa amelala chini ya boriti hizo tangu azaliwe. Wazee walimpa Welua makasia mawili na kamba, wakamwambia afunge. Wakamtazama hadi mwisho, wakaenda wote nyumbani kwa Lagimaina kutazama juu.

“Hata ulimi anauuma hivyohivyo akikaza,” mzee mmoja alikuwa akisema waliporudi. Alikuwa akilia bila kujificha.

Toloa alishusha mizigo yote. Akakunja tanga. Akasaidia kuivuta vaka juu, akafua ngama, yale maji machafu ya chini ya mtumbwi, ambayo ingeweza kungoja hadi kesho. Mwishowe hapakubaki kitu cha kufanya ufukweni, akapanda njia ya kwenda nyumbani.

Mkeka wake ulikuwa mlangoni, umekunjwa, upande wa nje.

Welua alikuwa ameketi juu ya jiwe, hatua kadhaa kutoka hapo, amegeuzia nyumba mgongo. Lagimaina alikuwa ndani, haonekani. Vave alisimama kwenye kizingiti, katikati yao, kwa uso wa mtu mwenye kazi rasmi. Toloa aliinama kuuchukua mkeka.

“Weka chini,” Vave alimwambia. “Bado hatujamalizana nawe.” Akageuza kichwa ndani. “Sema, mama.”

“Mwambie aliyeko nje,” sauti ya Lagimaina ilisema, “tusi lilikuwa letu wawili, na lake ni zito kuliko langu. Kwa hiyo mkeka siuamui mimi. Akisema uende, uende.”

“Umesikia?” Vave alimuuliza Welua.

“Nimesikia.” Welua aliokota kijiwe, akakirusha, akaokota kingine. Hakuwa na haraka. “Mwambie, mtu yule aliishika kamba yangu nikiwa chini ya jukwaa. Alikuwa ameshaamini aliyoyaamini, na aliishika. Mkeka urudi ndani.”

“Anasema urudi ndani.”

“Na yule mwenye mkeka anasemaje?” Lagimaina aliuliza.

Vave alimtazama Toloa. “Unasemaje, papa?”

Toloa alikuwa na maneno kadhaa. Angeweza kusema kwamba anashukuru, na ingekuwa kweli. Angeweza kusema kwamba angalipenda kufukuzwa, na hilo pia lingekuwa kweli.

“Nimekosa,” alisema. “Kwa wote wawili.”

“Amekubali kosa,” Vave alipeleka.

Welua aligeuka, akamtazama Toloa usoni, akaonyesha yale meno. “Mimi miamba ya hapa siijui, shemeji. Nitaharibu mtumbwi wa watu. Kesho utanionyesha?”

“Nitakuonyesha.”

“Haya basi.”

Toloa aliuingiza mkeka, akautandika mahali pake. Lagimaina alikuwa akipakua shelisheli na samaki. Kichwa cha jodari, ambacho katika nyumba hiyo kilikuwa cha Toloa tangu alipoingia, alikiweka juu ya jani safi na kumkabidhi Vave, bila kueleza, kwa sababu hakuna kilichohitaji maelezo. Kaka hutangulia. Mume anaweza kukunjiwa mkeka, lakini kaka hakunjiwi. Welua angelala na wanaume wasio na wake, katika banda la mitumbwi, na hangeingia humu ndani isipokuwa kwa shughuli. Lakini nyumba haingefanya jambo lolote tena bila mtu kwenda kumuuliza.

Toloa alipewa mkia. Alikula.

Nje, Vave na Welua walikuwa wamesogea mbali, na Welua alikuwa akisimulia kitu, pengine ile habari ya mjomba. Toloa alimtazama mkewe. Hakucheka. Hangecheka tena kwa mzaha wa mtu huyo, maisha yake yote, kwa kuwa mtu huyo hangefanya tena mzaha mbele yake. Kile kicheko cha tatu alichokuwa akipewa Welua kilikuwa kimekwisha, kama Toloa alivyotaka. Alingoja kuona kama hilo lingemfariji.

“Sema kitu,” Lagimaina alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye jani lake.

Toloa alifikiri. “Samaki ni mzuri.”

“Ndiyo,” mkewe alisema. “Ni mzuri.”

Toloa alipomaliza kula alijilaza juu ya mkeka. Mwanga wa alasiri ulipenya kwenye makuti na kufika hadi boriti. Zilikuwa zilezile alizozikuta, nyeusi kwa moshi, na mwisho wa kila kamba ulirudishwa chini ya mizunguko yake, kushoto na kulia, kama mifupa ya samaki. Kazi hiyo ilikuwa na umri mkubwa kuliko mkewe, na hakuna mahali ilipolegea. Toloa alianzia kwa macho boriti iliyo juu ya mlango, akaenda moja baada ya nyingine hadi ukutani, akitafuta kasoro.

Akarudi mlangoni, akaanza tena.